Kamba ya umeme angani: namna ya kukadiria mkondo wake bila kudanganywa na kanuni ya Ohm

Maswali ni yaleyale kila mara. Waya una ncha mbili na zote zinaning'inia angani, sasa mkondo unarudia wapi? Mbona nikigawanya volti kwa omu napata ampea nyingi hivyo? Na huu umeme, ni wa bure? Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo hesabu nzima iko hapa, kuanzia karatasi tupu hadi kilomita ambazo setilaiti inashuka kwa siku. Ukiifuata kwa kalamu mkononi itakuchukua jioni moja.

Tunazungumzia waya au utepe mrefu wa metali unaoning'inia kutoka kwenye setilaiti na kukata uga sumaku wa Dunia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kukata huko kunazalisha volteji. Mkondo unapita kwa sababu setilaiti haiko katika utupu mtupu: imezama ndani ya plazma ya ionosfia, yaani gesi nyembamba ambayo miale ya Jua imeipokonya elektroni. Ncha moja ya kamba inazoa elektroni kutoka kwenye plazma, nyingine inazitema, na plazma yenyewe inafunga saketi. Nusu ya saketi yako ni waya uliounyoosha wewe, nusu ya pili hukuitengeneza na huwezi kuirekebisha. Makosa mengi ya wanaoanza yanatokana na kuisahau hiyo nusu ya pili.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Lahajedwali lolote la kompyuta. Kikokotoo kinatosha mpaka hatua ya 5, baada ya hapo utateseka.
- Vipimo vya kamba: urefu, upana, unene, na metali iliyotumika.
- Obiti: kimo na mwinamo wake kutoka ikweta.
- Uga sumaku wa mahali unapopita. Modeli ya IGRF inapatikana bure mtandaoni na huhuishwa kila miaka mitano.
- Wingi wa elektroni kwa kila mita ya ujazo. Hapa tumia modeli ya IRI, nayo ni bure. Chukua thamani ya mchana na ya usiku, zote mbili.
- Namba tatu za kudumu: chaji ya elektroni, 1.6 × 10⁻¹⁹ kulombu. Kipenyo cha Dunia hutakihitaji, ila nusu kipenyo, kilomita 6,371. Na ile namba ambayo watu huitafuta kila mara, 5.93 × 10⁵. Hiyo ya mwisho ni kasi, kwa mita kwa sekunde, ya elektroni iliyovutwa na volti 1. Kwa volti nyingine, zidisha kwa kipeuo cha pili (√) cha volti hizo.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho: utepe wa alumini wa mita 1,000, upana milimita 10, unene milimita 0.05, usio na ganda lolote la kuhami umeme. Umening'inia wima juu ya setilaiti ya kilo 200, katika obiti ya kimo cha kilomita 500 yenye mwinamo wa digrii 30.

Hatua ya 1: Pima utepe wenyewe

Hii ni rahisi, tuimalize. Ujazo ni 1,000 × 0.01 × 0.00005, sawa na 0.0005 mita za ujazo. Alumini ina kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo utepe wote una kilo 1.35. Ukinzani wake, kwa alumini ya 2.7 × 10⁻⁸ omu-mita, ni omu 54. Andika pia ukinzani wa kila mita: omu 0.054. Utauhitaji baadaye.

Hatua ya 2: Tafuta volteji kwa kila mita

Zidisha kasi ya chombo kwa uga sumaku ulio wima kwa bapa la obiti. Kuna mitego miwili hapa.

Mtego wa kwanza ni kasi. Kwenye kimo cha kilomita 500 setilaiti inakwenda kilomita 7.61 kwa sekunde, lakini plazma nayo inazunguka pamoja na Dunia. Kinachozalisha volteji ni kasi ya chombo *ukilinganisha na plazma*. Kwa obiti inayoelekea mashariki yenye mwinamo wa digrii 30, toa kama kilomita 0.43. Unabaki na 7.18.

Mtego wa pili ni uga sumaku. Usichukue uga wote, chukua sehemu yake iliyo wima kwa bapa la obiti tu. Kwa makadirio ya haraka, uga wa ikweta kwenye kimo hicho ni kama mikrotesla 24. Zidisha kwa kosaini ya mwinamo: 24 × 0.866 = 20.8.

Sasa 7,180 × 20.8 × 10⁻⁶ = volti 0.149 kwa mita. Tuseme 0.15, hivyo kamba nzima inatoa volti 150.

Umeona kosaini inavyofanya kazi? Katika obiti inayopita karibu na ncha za Dunia, mwinamo ukiwa digrii 90 hivi, volteji hii inakaribia sifuri. Kuna mtu alinionyesha muundo mzuri sana wa kamba kwa ajili ya obiti ya aina hiyo. Kila kitu kilikuwa sahihi, ila alitumia uga wote wa mikrotesla 40 na kitu bila kujali mwelekeo.

Hatua ya 3: Hakikisha ncha ipi ni chanya

Usiruke hatua hii hata kama unajiona unajua. Chombo kinakwenda mashariki, uga sumaku unaelekea kaskazini. Nyosha vidole vya mkono wa kulia kuelekea mashariki, vikunje kuelekea kaskazini: dole gumba linaonyesha juu. Volteji inasukuma mkondo kwenda juu, kumaanisha elektroni zinashuka. Ncha ya *juu* ndiyo chanya ukilinganisha na plazma, na ndiyo inayozoa elektroni. Ncha ya *chini* ndiyo ya kuzitema.

Mara yangu ya kwanza niligeuza alama moja tu, nikapata setilaiti inayopanda yenyewe huku ikitoa umeme. Nilifurahi kwa dakika kumi hivi.

Hatua ya 4: Uliza plazma inaweza kutoa elektroni ngapi

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Elektroni za ionosfia zina joto la kama volti-elektroni 0.1, nazo zinakimbia huku na huko kwa takriban kilomita 200 kwa sekunde. Kwao chombo chako ni kama kimesimama. Ioni za oksijeni, yaani atomu zilizopokonywa elektroni, ni nzito na zinakwenda kama kilomita 1 kwa sekunde tu, kwa hiyo chombo kinazigonga kwa mbele na kuacha kivuli kitupu nyuma. Kumbuka tofauti hiyo, ndiyo itakayotuonyesha baadaye kwa nini kutema elektroni ni kugumu kuliko kuzizoa.

Metali yenye volti chanya huvuta elektroni, lakini plazma haikubali kuvutwa kutoka mbali. Inajipanga kuizunguka metali na kuificha chaji yake ndani ya umbali mdogo uitwao urefu wa Debye. Kwa elektroni 10¹¹ kwa mita ya ujazo, umbali huo ni milimita 7.4. Zikiwa 10¹², ni milimita 2.3.

Ndiyo maana mpira mkubwa wa metali mwishoni mwa waya uliofunikwa si njia bora ya kuzoa elektroni. Elektroni za mbali hazihisi chaji yake. Mwaka 1993 Juan Sanmartín na wenzake walipendekeza jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema: vua ganda, acha waya wenyewe uzoe elektroni kwa urefu wake wote. Waya mwembamba kuliko urefu wa Debye hujificha vibaya, na kila elektroni inayoweza kufika inafika.

Kwa utepe, mkondo unaozolewa na kila mita ni:

chaji ya elektroni × wingi wa elektroni × (2 × upana ÷ 3.14) × 5.93 × 10⁵ × kipeuo cha pili cha volti za mahali hapo

Kanuni hii inafanya kazi ikiwa upana wa utepe haupiti mara nne ya urefu wa Debye. Usiku (10¹¹) kikomo chetu ni kama milimita 30, tuko salama. Mchana mkali (10¹²) kikomo ni milimita 9 na kitu, na utepe wetu una 10. Tumegusa mpaka. Hesabu ya mchana itakuwa ya matumaini kidogo. Iandike pembeni usije ukasahau.

Tuhesabu usiku. Ukizidisha kila kitu isipokuwa volti, unapata 6.04 × 10⁻⁵. Ncha ya juu ina karibu volti 150, kipeuo chake cha pili ni 12.25, kwa hiyo mita ya juu kabisa inazoa ampea 0.00074. Kadiri unavyoshuka volti zinapungua hadi sifuri chini, na jumla ya mfululizo huo ni theluthi mbili ya urefu mara thamani ya juu. Jibu: ampea 0.49.

Hatua ya 5: Linganisha na kanuni ya Ohm, chukua iliyo ndogo

Volti 150 kwa omu 54 ni ampea 2.8. Plazma ya usiku inatoa 0.49. Anayeamua usiku ni plazma, siyo waya. Unaweza kutumia dhahabu, fedha, hata waya usio na ukinzani kabisa, na mkondo usiongezeke kwa maana yoyote.

Mchana, wingi ukiwa 10¹², hesabu ya plazma inatoa ampea 4.9, ambazo waya wetu hauwezi kuzibeba. Sasa ukinzani ndio unaotawala, na mkondo halisi utakuwa chini ya zote mbili. Setilaiti inazunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, kwa hiyo kamba moja inapita kati ya hali hizi mbili zaidi ya mara kumi na tano kwa siku.

Ukitaka jibu lililo bora, fungua lahajedwali na ukate utepe vipande 100 vya mita 10. Anza juu, mkondo ukiwa sifuri, na ukisie volti za ncha, mathalani 135. Kwa kila kipande fanya mambo mawili:

- ongeza kwenye mkondo: 6.04 × 10⁻⁵ × kipeuo cha pili cha volti × 10;
- punguza volti kwa (0.15 − mkondo × 0.054) × 10.

Kipande cha kwanza kitazoa miliampea 7. Endelea hadi chini. Volti za mwisho zikitoka chini ya sifuri kabla ya kufika, ongeza kisio chako. Zikibaki juu, kipunguze. Kwa usiku wetu utatua kwenye ampea 0.46 hivi, siyo 0.49, kwa sababu ukinzani unakula kama volti 15.

Hatua ya 6: Geuza mkondo kuwa kani

Kosa la kawaida: kuchukua ampea 0.46 na kuzizidisha kwa urefu wote. Mkondo huo upo chini tu. Juu ni sifuri, na unakua unavyoshuka. Wastani wake kwa kamba ya aina hii ni kama asilimia 60 ya ule wa chini, yaani karibu ampea 0.28.

Kani ni 0.28 × 1,000 × 20.8 × 10⁻⁶, sawa na milinyutoni 5.8. Tumia tena mkono wa kulia: mkondo juu, uga kaskazini, kani inaelekea magharibi. Ni breki.

Sasa swali la umeme wa bure. Zidisha kani kwa kasi: 0.0058 × 7,180, kama wati 42. Zidisha mkondo wa wastani kwa volteji: 0.28 × 150, wati 42. Kila wati inayopita kwenye kamba imekatwa kutoka kwenye mwendo wa setilaiti, na setilaiti inalipa kwa kushuka. Namba hizi mbili zisipolingana, rudi nyuma, kuna kosa.

Kwa setilaiti ya kilo 200, kushuka kwa siku ni mara mbili ya kani × nusu kipenyo cha obiti (cha Dunia pamoja na kimo) ÷ (masi × kasi ya obiti) × sekunde 86,400. Unapata kama kilomita 4.5 kwa siku. Hiyo ni kwa plazma ya usiku tu, na bila tone la fueli.

Hatua ya 7: Panga utemaji wa elektroni

Mpaka sasa nimejifanya ncha ya chini inatema bila shida. Haitemi hivi hivi.

Ukiiacha kamba bila kifaa cha kutema, elektroni zitajazana, na kamba itajipanga upya hadi zinazoingia zilingane na ioni zinazokuja kuzifuta. Ioni ya oksijeni ni nzito kuliko elektroni karibu mara 29,200, na mkondo wake kwa volti zilezile ni mdogo mara 171. Fanya hesabu na utakuta ni asilimia 3 tu ya kamba inayobaki chanya. Mita 31 juu zinazoa, mita 969 zinangoja ioni. Mkondo mkubwa kabisa unaangukia miliampea 2.7, kutoka 460.

Kwa hiyo weka kathodi, yaani kifaa cha kutema elektroni, chini. Kathodi yenye tundu inayopuliza gesi ya zenoni ndiyo iliyozoeleka, nayo hutengeneza wingu lake dogo la plazma linaloshikana na plazma ya nje. Inahitaji gesi na umeme. Zipo pia kathodi za kupasha moto na zile zinazotumia ncha kali zenye uga mkubwa wa umeme. Yoyote utakayochagua, itakugharimu volti kadhaa. Katika lahajedwali, volti za mwisho ziwe hasi kwa kiasi hicho badala ya sifuri.

Hatua ya 8: Angalia kama kamba itabaki wima

Kani inasukuma kamba upande mmoja, na kinachoirudisha ni tofauti ya mvutano wa Dunia kati ya juu na chini. Uzito mdogo mwishoni mwa kamba ndio unaosaidia. Ukiweka kilo 20 juu ya mfano wetu, kamba italala digrii chache tu. Ukiweka kilo 5, italala zaidi, na mkondo unaobadilika mchana na usiku utaanza kuibembeza. Bembea hiyo hukua. Wengi hukata mkondo kwa vipindi ili kuituliza.

Hatari ambazo hesabu haikuonyeshi

Ganda likiwa na kasoro ndogo, volteji kubwa itapata njia. Februari 1996, katika safari ya STS-75 ya chombo Columbia, kamba iliyofunikwa ya TSS-1R ilikunjuliwa kilomita 19.7 ikiwa na takriban volti 3,500. Cheche ilipita kwenye ganda lililoharibika, ikachoma kamba, na setilaiti ya Kiitaliano ikaenda zake. Kabla ya kukatika, hata hivyo, vipimo vilionyesha mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko nadharia ya Parker na Murphy ya mwaka 1967 ilivyotabiri. Nadharia hiyo ilidhani plazma imesimama. Chombo hakikuwa kimesimama.

Kukunjua nako ni mtihani. TSS-1 ya mwaka 1992 ilikwama ikiwa na mita 260 hivi kati ya kilomita 20, na kamba ya Kijapani ya KITE, mita 700, haikutoka kabisa mwaka 2017. Kwa upande mwingine, jaribio la PMG la 1993 lilinyoosha waya wa mita 500 na kuonyesha mkondo ukipita pande zote mbili.

Mambo yakienda kombo

*Mkondo umetoka mkubwa kuliko kanuni ya Ohm.* Umesahau ukinzani kwenye kupungua kwa volti, au alama yake imegeuka. Mkondo hupunguza kasi ya volti kushuka, hauiongezi.

*Mkondo ni karibu sifuri.* Angalia mwinamo wa obiti kwanza. Kisha kimo: juu ya kilomita 1,000 plazma inakuwa nyembamba mno, mara nyingi 10¹⁰ au chini yake. Kisha angalia kathodi.

*Modeli inatoa wingi tofauti na wa mwenzangu.* Mmetumia saa au mwaka tofauti. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, na ionosfia inaufuata. Andika tarehe na saa kando ya kila thamani.

*Nataka kupanda, siyo kushuka.* Weka chanzo cha umeme kinachozidi zile volti 150 na kusukuma mkondo chini. Kani inageuka kuelekea mashariki. Sasa kathodi inatakiwa juu, na wati unazolipa zinatoka kwenye paneli zako za jua.

*Mkondo ukirudi kupitia plazma, si unapata kani ya kinyume inayofuta ya kwanza?* Unaipata, ila inaisukuma plazma, siyo setilaiti. Elektroni zinazotemwa hufuata mistari ya uga sumaku na kusambaa mbali na chombo, na chombo hakijafungwa nazo. Ungejaribu kurudisha mkondo kwa waya wa pili sambamba na wa kwanza, hapo ndipo volteji mbili zingefutana na usingepata kitu.

*Lahajedwali linatoa kosa katikati ya kamba.* Volti zimekuwa hasi na umeomba kipeuo cha pili chake. Kuanzia kipande hicho, acha mkondo uendelee ulivyo bila kuongeza. Ioni zinazoingia hapo ni chache kiasi cha kupuuzwa.